Kingamwili zikipungua, je, kinga imesahau?

Wapo wasafiri ambao mpaka leo wanachanjwa upya dhidi ya homa ya manjano kwa sababu tu cheti chao kimepita miaka kumi. Sharti hilo liliondolewa tarehe 11 Julai 2016. Kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa, dozi moja sasa ni ya maisha. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshatoa ushauri huo mwaka 2013, likieleza kwamba katika dozi zaidi ya milioni 600 zilizotolewa tangu miaka ya 1930, waliojulikana kuugua baada ya kuchanjwa ni watu 12 tu.

Wanaotilia shaka uamuzi huo hawabishi ovyo. Hao 12, wanasema, ni wale walioonekana. Penye maabara chache, homa yenye macho ya manjano huweza kuhesabiwa kuwa malaria au ugonjwa wa ini. Wana pia ushahidi kutoka Mali na Ghana, ambako watoto waliochanjwa wakiwa na miezi tisa hivi walipimwa damu tena. Huko Mali, baada ya miaka minne na nusu hivi, waliobaki na kingamwili za kutosha, yaani protini za damu zinazokinasa kirusi, walikuwa karibu nusu. Ghana walikuwa chini ya theluthi, tena baada ya miaka miwili na ushei. Brazil haikungoja mjadala uishe: mtoto aliyechanjwa akiwa mchanga hupewa dozi ya pili akifika miaka minne.

Lakini kipimo hicho kinasoma kingamwili peke yake. Kingamwili hupimwa kwa urahisi katika damu iliyogandishwa na kuhifadhiwa. Seli T, yaani seli nyeupe za damu zinazotambua na kupambana na seli zilizoambukizwa, zinahitaji damu yenye seli hai, mashine ghali na wataalamu, ndiyo maana hazisikiki kwenye mijadala ya sera. Kukosa kupimwa kunageuka kuwa kukosa kuwepo.

Kuna jaribio lililofanywa Atlanta, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2017, ambalo naona halijapata uzito unaolistahili. Watu waliopewa chanjo hii walikunywa maji mazito, yaani yenye haidrojeni ya uzito wa ziada. Seli inapogawanyika hujenga DNA mpya, na haidrojeni ile huingia humo. Ikigawanyika tena bila maji hayo kuwepo, kiasi hicho hupungua kwa nusu. Kwa hiyo DNA yenyewe inatunza hesabu. Seli T zinazoua seli zilizoambukizwa ziligawanyika kwa kasi kubwa katika wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo zilizobaki zikatulia, zikigawanyika chini ya mara moja kwa mwaka; kuongezeka maradufu kungezichukua zaidi ya siku 450. Tena zile jeni za kupambana ziliachwa wazi, tayari kutumika. Maana yake, seli inayomlinda aliyechanjwa zamani ni mkongwe wa vita vile vile vya wiki mbili, na haisubiri kuchokozwa na kirusi kila baada ya miaka michache ili iendelee kuishi. Majaribio ya panya yanaonyesha kwamba kinachozidumisha seli za namna hii ni ishara za mwili wenyewe, hasa interleukini 7 na 15, hata pale chembe za kirusi zisipokuwepo kabisa.

Hata hivyo, kudumu kuna mipaka. Utafiti wa mwaka 2003 kuhusu chanjo ya ndui ulikuta seli T za kumbukumbu zikipungua kwa nusu kila miaka 8 hadi 15, huku kingamwili zikibaki pale pale kwa miongo mingi. Na seli T haizuii kirusi kuingia mwilini. Inaua seli kikishaingia. Anayetaka mtu asiambukizwe kabisa ana haki ya kuulizia kingamwili.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mimi nasimama na dozi moja. Chanjo hii si ya kumwagwa: Agosti 2016 mamilioni ya wakazi wa Kinshasa walichanjwa kwa moja ya tano ya dozi, kwa kuwa akiba ya dunia isingewatosha. Kumchanja upya mtu ambaye kumbukumbu yake ipo, wakati kuna mtaa mzima ambao haujapata hata tone la kwanza, ni matumizi nisiyoweza kuyatetea.

Watoto wa miezi tisa ni suala jingine. Kwa baadhi yao huenda mwitikio ulikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza, na hapo hakuna kumbukumbu kubwa ya kutunza; vivyo hivyo kwa anayechanjwa akiwa na VVU. Hao wapewe dozi ya pili bila kusubiri. Na watakapofuatiliwa tena, itolewe damu ya kutosha kupima seli T pia, maana bila hiyo tutaendelea kubishana juu ya nusu ya kinga yao.