Mwanafunzi mkutanoni: mjumbe au mgeni mwalikwa?

Je, wanafunzi wanastahili kuwakilishwa katika mikutano ya kimataifa ya elimu ya juu? Tuanze na Ulaya. Tarehe 19 Juni 1999 mawaziri wa elimu wa nchi 29 za bara hilo walitia saini mjini Bologna, Italia, tamko lililokuja kubadili mfumo wa shahada barani humo. Wanafunzi, ambao ndio wangesomeshwa kwa mfumo huo, hawakutajiwa nafasi yoyote katika tamko hilo. Mei 2001 mawaziri walipokutana tena, Prague, lugha ilikuwa nyingine kabisa: wanafunzi ni washiriki kamili wa jumuiya ya elimu ya juu, na elimu hiyo ni manufaa ya umma na itabaki kuwa jukumu la umma. Tamko hilohilo likaagiza muungano wa vyama vya wanafunzi wa Ulaya, wakati huo ukiitwa ESIB na tangu 2007 ESU, ushauriwe katika utekelezaji.

Siri ya mabadiliko hayo iko kwenye kalenda. Machi 2001 wanafunzi walikutana Göteborg, Sweden, wakapitisha msimamo wao kwa maandishi, takriban wiki nane kabla ya mawaziri kukutana. Anayejua jinsi matamko ya kimataifa yanavyotengenezwa ataelewa uzito wa wiki nane. Rasimu huandikwa na maofisa, huzungushwa kwa wajumbe kwa miezi kadhaa, na waziri akifika ukumbini hukuta sentensi mbili tatu tu zikibishaniwa. Mwanafunzi anayepokea rasimu siku ya ufunguzi, ndani ya mkoba wa mkutano, anapewa zawadi ya kusoma ndegeni wakati wa kurudi.

Kwa hiyo swali la kama wanafunzi wanastahili kuwakilishwa katika mikutano hii halijibiki kwa ndiyo au hapana mpaka tuulize: wamo hatua ipi?

Wanaotetea uwakilishi wana ushahidi mzuri. Viwango vya Ulaya vya udhibiti wa ubora, vilivyopitishwa na mawaziri Bergen mwaka 2005 na kurekebishwa Yerevan mwaka 2015, viliandaliwa kwa kushirikisha vyombo vinne, na ESU ni kimojawapo. Matokeo yake yanaonekana: jopo la nje linalokwenda kukagua chuo lazima liwe na angalau mwanafunzi mmoja. Mwanafunzi huyo huuliza mambo ambayo profesa hayafikirii, kwa mfano maktaba hufungwa saa ngapi hasa, matokeo ya mtihani hutoka baada ya wiki ngapi, na anayekata rufaa ya alama hujibiwa na nani. Sharti hilo halikuzaliwa na hotuba. Lilizaliwa na watu waliokaa kwenye kamati wakibishana juu ya kifungu.

Upande wa pili nao usidharauliwe. England ilikuwa sehemu ya mchakato wa Bologna, yaani utekelezaji wa tamko lile la 1999, wakati wote huo, lakini ada ya mwaka kwa shahada ya kwanza ilipanda kutoka ukomo wa pauni 1,000 mwaka 1998 hadi 3,000 mwaka 2006, kisha 9,000 mwaka 2012. Tamko la mawaziri si sheria. Maneno ya Prague hayakumzuia mtu kupandisha ada, na wanaosema vyama vya wanafunzi vingebaki nyumbani kupambana na bunge na hazina wana hoja.

Hoja nyingine ni ya uhalali: mjumbe ametumwa na nani? Kenya inatoa mfano. Marekebisho ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2016 yaliondoa kura ya moja kwa moja ya wanafunzi wote. Chini ya marekebisho hayo kila idara, shule au kitivo huchagua wawakilishi watatu, nao ndio huchagua baraza la wanafunzi. Wanaounga mkono wanasema vurugu na fedha za kampeni zimepungua. Wanaopinga wanasema ni rahisi kushawishi wapiga kura wachache kuliko maelfu. Kiongozi aliyepatikana kwa njia hiyo akisimama ughaibuni na kusema “sisi wanafunzi”, ukumbi hauna namna ya kujua sauti hiyo imepitia mikono mingapi.

Historia inaongeza tahadhari juu ya mfuko wa mlipaji. Mwaka 1967 jarida la Ramparts lilifichua kuwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilikuwa ikigharimia chama cha taifa cha wanafunzi wa Marekani na shughuli zake za nje, huku wanachama wengi hawajui. Leo mlipaji anaweza kuwa wizara, chuo au mfadhili asiye na nia mbaya. Hata hivyo mjumbe ambaye tiketi yake imekatwa na makamu mkuu wa chuo hujifikiria mara mbili kabla ya kuzungumzia ada mbele yake.

Kisha kuna muda, na hapa ndipo tunaona udhaifu mkubwa kuliko wote. Mawaziri wa Bologna walikutana kwa mtandao Novemba 2020, Roma ikiwa mwenyeji, wakakutana tena Tirana Mei 2024. Shahada ya kwanza katika nchi nyingi za Ulaya ni miaka mitatu. Mtu anaweza kuingia chuo na kuhitimu kati ya mikutano miwili. Kiongozi wa wanafunzi mwenye kipindi cha mwaka mmoja hukabidhi ofisi pale anapoanza kuzijua istilahi. ESU huziba pengo hilo kwa kuwa na ofisi ya kudumu Brussels. Vyama vyetu vingi hutegemea barua pepe ya kiongozi aliyeondoka.

Kwa mjumbe wa Afrika Mashariki kikwazo cha kwanza huwa viza. Ombi la viza ya Schengen, inayomruhusu mtu kuingia nchi nyingi za Ulaya kwa kibali kimoja, huwasilishwa si chini ya siku 15 kabla ya safari, uamuzi unaweza kufika siku 45, ada ya kawaida ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima iwe na kinga ya angalau yuro 30,000. Barua ya mwaliko ikitoka mwezi mmoja kabla, hesabu imeshagoma. Taarifa ya benki ya mwanafunzi haina mshahara, na mwaliko usiotaja wazi nani analipa nauli, malazi na chakula ni karibu sawa na kunyimwa viza. Waandaaji wengi, kwa nia njema kabisa, huahidi kurudisha gharama baada ya safari. Utaratibu huo humchuja mtoto wa mkulima na kumpitisha mwenye mzazi wa kumkopesha.

Tukilazimika kuchagua, tungeacha viti ishirini vya “jukwaa la vijana” la alasiri ya mwisho na kuchukua kimoja kwenye kamati ya rasimu, rasimu ikiwa mkononi miezi mitatu kabla. Mjumbe huyo awe na mwenzake wa mwaka wa chini anayejifunza kazi, na fedha zake ziwe zimelipwa kabla hajaondoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijitangaza kuwa eneo moja la elimu ya juu tarehe 20 Mei 2017, na mambo kama ada ya mwanafunzi anayevuka mpaka ndani ya jumuiya bado yanahitaji vifungu. Kwa vikao hivyo basi la usiku linatosha.