Unataka kuvua juu ya bodi Ziwa Victoria? Ndoano iache nyumbani kwanza

Watu wengi wanaoanza hii kitu wanaanzia mwisho. Mtu kaagiza bodi, na hapohapo kashaagiza fimbo ya kuvulia, rili, boksi la chambo bandia za rangi rangi, kishikio cha simu cha kujirekodi, afu Jumamosi ya kwanza anatokea ufukweni na mizigo kama anahama nyumba. Bodi yenyewe hajaizoea, kusimama tu anatetemeka magoti, lakini ndoano tayari iko mkononi. Mi msimamo wangu ni mmoja na najua kuna watakaonibishia: wiki za mwanzo nenda ziwani na kasia tu.

Kwa asiyeijua, naongelea ile bodi ndefu na pana ambayo unasimama juu yake unapiga kasia moja refu, mara kushoto mara kulia. Nyingi ninazoziona ni za kujaza upepo, zinakunjwa zinaingia kwenye begi, unapanda nayo hata bajaji. Kama lengo ni kuvua tafuta pana, inchi 33 kwenda juu, urefu futi 11 hivi, na iwe na vipete vya kufungia vitu mbele na nyuma. Ijaze mpaka iwe ngumu kabisa, nyingi zinataka psi 12 mpaka 15 (psi ni kipimo cha presha ya upepo), ukiiacha laini inabonyea katikati afu unaanza kuilaumu bodi wakati tatizo ni uvivu wako wa kupampu. Huku kwetu Mwanza, soko la Makoroboi usihangaike kuitafuta, sijawahi kuiona pale, wengi wanaagiza au wananunua kwa mtu anayehama mji.

Sasa kwa nini nasema bila ndoano? Kwa sababu samaki akigonga, macho yote yanaenda kwenye mshipi, hakuna anayeangalia tena mawimbi wala amesogea umbali gani kutoka nchi kavu, na kama mwili haujajifunza kujibalansi wenyewe bila kuambiwa basi unaenda majini na ndoano yako. Kwa hiyo kwanza jifunze kuanguka. Kweli kabisa, nenda mahali maji yanafika kifuani, hakikisha chini hamna mawe (na huku kwetu mawe yapo kila kona), anguka makusudi upande mmoja, mwili ukiwa bapa, usitangulize kichwa. Afu panda. Shika mpini wa katikati, piga miguu mpaka ije juu usawa wa maji, jivute kwa tumbo mpaka uwe umelalia bodi. Rudia mpaka uone inaboa, na ufanye ukiwa umevaa jaketi okozi na nguo zilezile utakazoendea kuvua, maana kupanda na bukta kavu ya mazoezi na kupanda umelowa umechoka ni vitu viwili tofauti.

Jaketi okozi sijadili. Tunakaa mji wa ziwa lakini wengi hatujui kuogelea, na hatulaumiwi sana, mji uliopitia kuzama kwa meli ya MV Bukoba Mei 1996 wazazi walikuwa na haki ya kutukataza maji. Ila ukishaamua kuingia ziwani, vaa, usiifunge nyuma ya bodi kama pambo. Na ile kamba ya mguuni inayokuunganisha na bodi ifunge kabla hujasogea hata mita moja, kwa sababu ukianguka upepo unaichukua bodi haraka kuliko unavyoweza kuogelea, hata kama we ni bingwa.

Upepo. Hapa ndo nataka tukae kidogo maana video nyingi za kwenye simu zimerekodiwa kwenye vidimbwi vya watu huko, hazikuambii habari za ziwa lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Huku kwetu usiku na alfajiri upepo mara nyingi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka unatoka ziwani kuja huku. Maana yake nini? Ile saa 12 asubuhi unayoiona ziwa limetulia kama kioo, ndo saa upepo mdogo usiousikia unakusukuma taratibu kwenda nje, na we unafurahi kwamba leo napiga kasia vizuri kumbe sio we. Mwili uliosimama unashika upepo mwingi mno. Mwezi wa sita mpaka wa nane kusi inavuma kutoka kusini mashariki, na Mwanza tuko upande wa kusini wa ziwa, kwa hiyo ikikuchukua inakupeleka kwenye maji makubwa, haikurudishi nyumbani.

Dawa yake ni kuanza safari kwa kwenda kinyume na upepo ukiwa na nguvu, ili kurudi usukumwe. Ukizidiwa piga magoti, ukizidiwa zaidi lala kifudifudi upige kwa mikono, hamna aibu. Angalia utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kabla ya kulala, lakini pia tembea mpaka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, uongee na watu. Wavuvi wa dagaa wanarudi alfajiri, waulize usiku ulikuwaje, maana dhoruba nyingi za ziwa hili zinapiga usiku kuelekea asubuhi, na wakikwambia radi imeonekana kule mbele we rudi ukanywe chai. Ukiona mitumbwi yao haijatoka, na we bodi yako usiitoe kwenye begi.

Kuna mzee mmoja pale Igombe, baada ya shikamoo na maelezo marefu ya hiki kitu ni nini, aliizunguka bodi mara mbili akaniuliza, "Sasa mwanangu, injini unafunga wapi?" Nikamwambia haina mzee, kasia tu. Akafikiria. "Basi ukiona povu jeupe juu ya mawimbi, wewe ulitakiwa uwe umesharudi." Sijasoma popote maelekezo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Hao wavuvi ndo walimu, na pia ndo wenye kazi yao pale, we uko kwenye starehe. Ukiona chupa za plastiki zinaelea kwa mstari ujue kuna nyavu chini, zunguka mbali, kwa sababu lile pezi la chini ya bodi linanasa nyavu vizuri sana na utakuwa umemharibia mtu mlo wa watoto. Kuna wanaosema kuvua hivi ni uzungu. Mi naona uzungu haupo, watoto wa mialo yote huku wamekulia kwenye mawe na kamshipi ka mkononi, hapa kilichobadilika ni pa kusimama tu.

Haya, umeshazoea, sasa ndoano. Usianze na fimbo, anza na mshipi wa mkono: ndoano ndogo, chubwi dogo, minyoo, vyote unapata kwa bei ya kawaida ukiulizia Mwaloni Kirumba. Lenga sato karibu na mawe na pembeni ya matete. Na uzuri wa kusimama ndo unauona hapo, ukivaa miwani ya jua ile inayokata mng'ao wa maji unaona kivuli cha jiwe, unaona na samaki wenyewe, kitu ambacho aliyekaa kwenye mtumbwi hakioni vizuri. Beba ndoo yenye mfuniko uifunge mbele, samaki akitoka majini aende humo moja kwa moja, asirukeruke juu ya bodi ya kujaza upepo, maana sato ana miiba mgongoni na gogogo ndo balaa, ile miiba yake ya pembeni anaikaza inasimama kabisa. Ukinasa kamongo kata mshipi, samehe ndoano, yule ana taya za kukata kidole na we uko peku.

Nanga ndogo ya kilo moja na nusu inatosha. Ifunge mbele au nyuma, isiwe ubavuni hata siku moja, ubavuni wimbi likija bodi inapinduka. Na kisu kiwe mahali mkono unafika.

Viboko na mamba: uliza watu wa eneo husika, wanajua matete gani yana mwenyewe. Kichocho nacho kipo, tusijidanganye, konokono wake wanapenda maji ya kina kifupi yenye majani, na pale ndo unaposimama ukiingiza bodi. Ingilia sehemu ya mawe au mchanga usio na majani, usikae unachezacheza pale, na mara mojamoja pita hospitali ukapime, dawa ipo na inafanya kazi. Jua pia, tuko kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na maji yanakurudishia mwanga usoni, shati la mikono mirefu na kofia yenye kamba.

Upande wa sheria nenda ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako, Ilemela au Jiji la Mwanza kama uko Nyamagana, waeleze unataka kufanya nini wakwambie habari ya leseni, usisubiri doria ikukute. Sato chini ya sentimita 25 haruhusiwi, sangara chini ya 50 haruhusiwi, kwa hiyo chora mistari kwenye kasia kwa maka pen upime hapohapo umrudishe akiwa hai. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kuzunguka kwa mbali kuangalia mawe ni sawa, ndoano usitumbukize.

Najua swali linalokuja ni sangara, maana hakuna anayenunua bodi akiota furu, wale samaki wadogo. Sangara wa kilo tatu nne ukiwa umeshazoea sawa, lakini huyu samaki aliyepandikizwa humu miaka ya 1950 anaweza kuvuka kilo 100, na juu ya bodi hamna uzito wa kumzuia, anakuvuta we na bodi yako kuelekea anakotaka yeye. Kwa hiyo kaa chini miguu huku na huku, mshipi usizungushe mkononi, usifunge kwenye bodi, usifunge kwenye jaketi. Na akianza kukupeleka upande wa maji makubwa, kisu si tulishasema kiwe karibu?