Saa ya Nani? Kodeki za redio kati ya laini ya kukodi na IP

Tik. Sekunde kumi na mbili hivi za kimya, kisha tik nyingine. Msikilizaji aliye kwenye daladala hasikii kitu, muziki unaimeza. Lakini ikifika taarifa ya habari, msomaji akavuta pumzi kati ya habari moja na nyingine, ile tik inajitokeza kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Nilikesha chini ya mnara nikiitafuta. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha kodeki, kile kifaa kinachogeuza sauti kuwa biti na biti kuwa sauti, mwisho nikapiga simu kwa kampuni iliyotukodishia laini ya kubeba sauti kutoka studio hadi mnarani. Fundi wa zamu akanijibu kwa upole wa mtu aliyezoea kulaumiwa: "Kaka, laini nzima. Tumeipima, haina kosa hata moja." Alisema kweli. Kosa lilikuwa letu. Kwenye menyu ya kodeki ya studio, mahali pa kuchagua chanzo cha saa, mmoja wetu alikuwa ameweka saa ya ndani badala ya saa ya laini.

Siku hizi kila kituo chenye studio mjini na mnara mlimani kinaulizwa swali lile lile: kwa nini bado mnalipia laini ya kukodi ya kizamani, wakati sauti inaweza kupita kwenye IP, mtandao unaokata data vipande viitwavyo pakiti, kama kitu kingine chochote? Majibu huwa ya kishabiki. Vijana wa mitandao wanasema X.21 na V.35, plagi za laini za kukodi, ni vitu vya makumbusho. Wazee wa mitambo wanasema IP ni bahati nasibu. Nimefanya kazi na vyote viwili, na kwa maoni yangu pande zote mbili zinaikwepa ile tik.

Saa ninayoizungumzia haionyeshi kama ni asubuhi au jioni. Ni mapigo yanayokiambia kifaa lini hasa kisome biti moja na lini kisogee kwenye nyingine. Kwenye laini sinkronasi, yaani laini ambayo pande zote hufuata mapigo mamoja, mapigo hayo hutolewa na mtandao. Ukiifungua plagi ya X.21, ile ndogo ya pini 15, utakuta mambo ni machache: pini ya 2 na ya 9 hutuma, ya 4 na ya 11 hupokea, na ya 6 na ya 13 huleta saa kutoka kwenye modemu ya kampuni. Kodeki haina neno juu ya mwendo. Inafuata kama askari kwenye gwaride. V.35, yenye plagi kubwa ya pini 34 na skrubu mbili za kukuchosha mikono, inafanya kazi ile ile kwa waya nyingi zaidi. E1, laini ya kidijiti ya mitandao ya simu, ambayo ndiyo tuliyokodi sisi, haina waya wa saa kabisa, kwa kuwa mapigo yamo ndani ya mawimbi yenyewe, na kifaa huyachuja kutoka kwenye data inayoingia. Ndiyo maana kwenye E1 ni rahisi sana kukosea mpangilio. Hakuna waya utakaoona umekatika.

Sisi tulikosea hapo. Fremu moja ya E1, yaani fungu moja la biti zake, huchukua mikrosekunde 125. Kama saa ya kodeki inapishana na saa ya mtandao kwa sehemu kumi tu katika milioni, kila baada ya sekunde 12.5 mtandao hulazimika kuitupa fremu moja nzima au kuirudia. Mafundi huita hilo kuteleza. Laini haijapoteza chochote, ndiyo maana kipimo cha yule fundi kilikuja safi. Tulikuwa tunammiminia maji kwenye ndoo haraka kuliko anavyoyachota, kisha tunalalamika kuwa yanamwagika. Nilipobadilisha neno moja kwenye menyu, tik ikaisha.

Basi anayelipia laini sinkronasi anakodi waya, na pamoja na waya anakodi saa. Mitandao ya simu ya kimataifa ilijengwa juu ya saa kuu ambazo kosa lake halizidi sehemu moja katika bilioni mia. Kwa kiwango hicho, mitandao miwili isiyofahamiana kabisa huteleza mara moja katika siku 72 hivi. Ukiwa na studio Dar es Salaam na mnara nje ya mji, vyote vinakula kwenye saa hiyo moja bila wewe kununua kifaa chochote.

Faida ya pili ni ucheleweshaji. Mbinu ya kubana sauti ya apt-X, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, katika miaka ya 1980, hubana sauti mara nne: stirio ya sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16, inashuka kutoka kilobiti 1,536 hadi 384. Hizo ni nafasi sita tu za E1, yenye nafasi 32 za kilobiti 64. Kubana na kukunjua huko huchukua milisekunde chache, na laini yenyewe haiongezi cha kutaja. Mtangazaji anaweza kuvaa spika za masikioni na kujisikiliza kutoka hewani kwenye redio ya kawaida. Asiyewahi kukaa studio hajui thamani ya jambo hili. Mtangazaji anayeisikia sauti yake ikimrudia kwa kuchelewa huanza kuvuta maneno, na ndani ya dakika mbili anasikika kama mlevi.

Hata makosa ya laini hii yana adabu. Biti moja ikiharibika, unasikia mchubuko mdogo na maisha yanaendelea. Hakuna kitu kinachofika nje ya foleni, wala kipande cha muziki kinachokwama njiani kikisubiri picha za watu zipite.

Ila huo ni upande mmoja. Kwanza, laini ya kukodi ni kamba moja. Katapila la kuchimba mfereji likiikata, redio yako imenyamaza, na kuongeza ya pili kwa njia nyingine ni kulipa mara mbili kwa kitu ambacho tayari ni ghali. Pili, vipuri. CCITT, chombo cha kimataifa cha viwango vya simu ambacho leo ni ITU-T, iliacha kuipendekeza V.35 tangu mwaka 1988, na kebo zake ziliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye kwa sababu hakuna aliyetaka kugusa mtambo unaofanya kazi. Deni hilo sasa linadaiwa. Kadi ya E1 ikifa kwenye kodeki ya zamani, unaitafuta kwa wauza mitumba wa vifaa vya simu, na unayoipata haina dhamana. Uingereza, ambako laini za KiloStream na MegaStream zilibeba sauti na data kwa miaka mingi, huduma hizo zimekwishafungwa. ISDN, laini ya simu ya kidijiti iliyokuwa tegemeo la watangazaji wa nje ya studio, iliacha kuuzwa huko kwa wateja wapya Septemba 2023, na mwisho wake umepangwa Januari 2027. Kiwanda hakitaendelea kutengeneza kadi kwa ajili yetu sisi tuliobaki.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi, na silisikii likisemwa na wanaoipenda laini ya kukodi. Ile E1 unayolipia huenda si E1 tena. Kampuni za mawasiliano zimehamisha mitandao yao kwenye pakiti. Mwaka 2006 IETF, jumuiya inayotunga kanuni za intaneti, ilichapisha kanuni inayoitwa SAToP, RFC 4553, ya kuikata E1 vipande, kuisafirisha ndani ya pakiti na kuiunga upya upande wa pili. Kisanduku ukutani bado kina plagi ile ile na taa ile ile ya kijani. Lakini saa inayotoka pale inaweza kuwa imekisiwa na kisanduku kwa kuangalia pakiti zinavyofika, na pakiti zikija kwa kusitasita, saa nayo inayumba. Hapo unalipa bei ya laini ya zamani na kupewa tabia za mtandao mpya. Usione aibu kumwuliza muuzaji: saa ya laini hii inatoka wapi? Akianza kukueleza habari za kasi, hajakujibu.

Sasa IP. Wanaoiuza huanza na bei, na kwa bei wana haki. Mkongo wa taifa umefika mikoani, maikrowevu za IP zimejaa milimani, na laini ya pakiti yenye uwezo mara kumi hugharimu chini ya E1 ya zamani katika sehemu nyingi. Kwa matangazo ya nje mjadala umekwisha kabisa: hakuna atakayevuta laini ya kukodi hadi uwanjani kwa mechi ya dakika tisini, wakati kodeki ya mkononi yenye kadi mbili za simu na Opus, mbinu ya kubana sauti ya mwaka 2012, inatoa sauti nzuri kuliko ISDN ilivyowahi kutoa.

Kwa laini ya kudumu ya mnara hesabu ni nyingine. Chukua kilobiti zile zile 384. Ukizikata katika pakiti za milisekunde nne, kila pakiti inabeba baiti 192 za sauti na baiti 40 za anwani na maelezo mengine ya RTP, UDP na IP, kanuni za kusafirisha pakiti. Mzigo umeongezeka kwa karibu asilimia 21, na hilo linavumilika. Ukitaka ucheleweshaji upungue, ukakata kwa milisekunde moja, sauti ni baiti 48 na maelezo bado ni 40. Unakaribia kusafirisha bahasha kuliko barua. Kisha upande wa kupokea unaweka bafa ya kungoja pakiti zinazochelewa, na kila milisekunde ya usalama ni milisekunde ya kuchelewa. Ukimaliza, mtangazaji wako hawezi tena kujisikiliza kutoka hewani. Utamtengenezea njia nyingine ya kujisikia kutoka kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganya sauti, naye atalalamika kwa wiki moja kisha atazoea.

Na saa? Haijaondoka. Imehamia kwako. Kodeki ya studio inatuma kwa saa yake, ya mnarani inacheza kwa saa yake, na katikati hakuna wa kuwapatanisha. Zikipishana kwa sehemu 20 katika milioni, tofauti ni milisekunde 72 kila saa moja ya ukutani. Bafa ya milisekunde 200 inakauka, au inafurika, kabla saa tatu hazijaisha. Kodeki nzuri hulitatua kwa kunyoosha au kubana sauti kidogo kidogo bila sikio kugundua. Kodeki ya bei rahisi huruka tu, nawe unasikia ile tik, safari hii mara chache kiasi kwamba hutaipata hata ukikesha. Wenye minara kadhaa kwenye masafa mamoja hawana budi kuweka vipokezi vya GPS, vinavyopata saa kutoka kwenye setilaiti, kila upande. Saa uliyokuwa ukiipata ndani ya ankara ya laini, sasa unainunua dukani na kuifunga juu ya paa.

Kuna jambo la kwetu pia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Studio na mnara vilivyo kilomita ishirini kutoka kimoja hadi kingine havihitaji bahari. Lakini kodeki nyingi za IP hutumia seva ya SIP, kompyuta ya kuunganisha simu za mtandaoni, kutafutana, na kama seva hiyo iko Ulaya, au kama mtoa huduma wako na wa mnara hawakutani kwenye kituo cha kubadilishana data, kama TIX pale Dar es Salaam au KIXP pale Nairobi, salamu kati ya vifaa viwili vya mji mmoja inaweza kuzunguka dunia kwanza. Laini ya kukodi haikuwa na ujinga huu. Dawa yake ni nyepesi: andika anwani za kudumu kwenye kodeki zote mbili, na mkataba uwe wa mtandao wa faragha, usiwe wa intaneti ya kila mtu.

Kwa hiyo natoa hukumu kwa IP, bila furaha kubwa. Sababu yangu si teknolojia. Ni kwamba IP ndiyo pekee itakayokuwa na vipuri, na ndiyo pekee inayokuruhusu kutuma mkondo ule ule kwa njia mbili zisizofanana, mkongo na maikrowevu, mpokeaji akaokota pakiti inayowahi. Njia mbili za bei nafuu zinazokosea kwa nyakati tofauti zinaishinda njia moja safi inayokatika mara moja kwa mwaka. Anayehamia IP kwa njia moja tu, kwa sababu ya bei tu, amebadilisha mlango wa chuma kwa pazia.

Na asiikate E1 siku hiyo hiyo. Iache iende hadi mkataba uishe, ikiwa akiba, kodeki ya zamani ikiwaka kando yake na menyu ikisomeka "saa ya laini". Kisha uchague usiku mmoja wa kazi, saa nane, muziki ukicheza. Mtume mtu mnarani akiwa na redio ndogo ya betri. Chomoa kebo ya njia ya kwanza, subiri akupigie. Irudishe, chomoa ya pili.