Simu moja, oda za ukoo mzima

Binti mmoja anayeuza nguo Makoroboi, hapa Mwanza, alinionyesha oda zake za mtandaoni za mwezi mmoja: mashati ya kaki dazeni mbili, taa za sola za kuvulia dagaa, kanzu mbili za watoto, gauni la kipaimara. Zote zimelipiwa kwa namba yake. Kaki ni za wavuvi wa Ukerewe, wanataka kitambaa kigumu. Taa ni za mjomba wake. Kanzu na gauni ni za majirani.

Wapo wanaodai kwamba kompyuta ikisoma manunuzi ya mtu hujua hata siasa zake. Ikiisoma orodha hiyo itamwona nani? Huenda ikasema ni mfuasi wa CHADEMA, chama cha upinzani, maana gwanda la kaki ni vazi lao.

Wanaodai hivyo hawadai ovyo. Mwaka 2004 Valdis Krebs, mchambuzi wa mitandao ya watu, alichora ramani ya vitabu vya siasa vya duka la mtandaoni la Amazon kwa kufuata tu aliyenunua hiki alinunua na kipi kingine. Vikajitenga makundi mawili, kulia na kushoto, katikati vichache mno. Mwaka 2013 watafiti wa Cambridge walitumia alama za "kupenda" za Facebook: wakiwekewa Wamarekani wawili, Democrat na Republican, walipatia yupi ni yupi mara 85 kwa 100.

Ila huko mtu ana akaunti yake na kadi yake. Huku kwetu simu moja inaagizia ukoo, na tunanunua kinachoingia mfukoni, hata kama moyo ulitaka kingine.

Faida ipo, siikatai. Taa za dagaa hutafutwa sana wakati wa giza, mwezi unapopotea. Msambazaji anayezisoma oda hizo ataleta mzigo mapema, na mvuvi hatalanguliwa.

Ninachokihofia ni kusomwa vibaya bila kujua, maana huwezi kukanusha usichokisikia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inauhesabu msimamo wa kisiasa kuwa taarifa nyeti. Shati la kaki, lenyewe, ni nguo tu. Linageuka siasa mtu anapokisia. Kwangu mimi, kisio hilo lilindwe sawasawa na msimamo wenyewe, liwe la kweli au la uongo.

Nilimshauri binti atenge laini ya biashara. Akasema laini ya pili anayo, ila ndiyo ya kikoba: inapokea hela za wanawake kumi na watano.