Kinyama kilicholala kwenye chupa ya maji ya kunywa hakiwezi kukupa jibu la kweli

Nina miaka kadhaa sasa kwenye maabara ya patholojia, kazi yangu ni kupokea vinyama, yani vipande vilivyotolewa mwilini mwa mgonjwa, kuviweka kwenye nta, kukata slaidi, yani vipande vyembamba sana juu ya kioo, na kuzipaka rangi, na kama kuna kitu kimoja ningeomba kila daktari wa upasuaji na kila nesi wa thieta anisikie ni hiki: andika saa. Saa kinyama kilipotoka mwilini na saa kilipoingia kwenye formalini, dawa ya kukitunza kisioze. Nyakati mbili tu, ila bila hizo mi huku naweza kukuandikia jibu la uongo na wala nisijue kama nimedanganya.

Ngoja niwape mfano. Kuna siku ililetwa chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja, imesafiri na basi kutoka mkoani, imebebwa na mdogo wake mgonjwa kwenye kikapu. Ndani kuna uvimbe wa titi mkubwa kama ngumi. Uliingia mlaini kupitia ule mdomo mwembamba, sasa umekakamaa hautoki, ikabidi nikate chupa kwa mkasi. Formalini yenyewe kidogo, haijafunika hata nusu, na hakuna aliyekumbuka kuupasua kabla ya kuuloweka. Nje ulikuwa wa kijivu, mgumu, vizuri kabisa. Nilipoupasua katikati nikakuta pinki, laini, na ile harufu ambayo mtu wa maabara akiisikia mara moja haisahau. Yani umeiva nje, ndani mbichi, kama andazi lililokaangwa kwa moto mkali.

Sababu ni kwamba formalini inapenya taratibu sana, kama milimita moja kwa saa, na hapo iwe ya kutosha, mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Katikati ya uvimbe ule seli zilikaa zikisubiri dawa ambayo haikufika kwa wakati, na seli ikikatiwa damu haikai kimya, inaanza kujimeng'enya yenyewe kwa vimeng'enya vyake. Protini tunazozitafuta zinaanza kupotea. Ndo maana miongozo ya Marekani ya kupima saratani ya matiti inataka kinyama kiingie kwenye formalini ndani ya saa 1, halafu kikae humo kati ya saa 6 na saa 72. Wengi wanajua hiyo 72, wanaogopa kuzidisha. Kupunguza hawaogopi, na kule mwanzoni, ile saa ya kwanza, hakuna hata anayeiangalia.

Tukapima vipokezi vya estrojeni kwenye uvimbe ule, yani protini za seli zinazopokea homoni ya kike; zikiwepo, seli zinashika rangi ya kahawia. Pembeni rangi ya kahawia imekolea, kila kiini cha seli kinaonekana. Ukisogeza slaidi kuelekea katikati inaanza kufifia, kufifia, mwisho bluu tupu. Uvimbe mmoja, mgonjwa mmoja, majibu mawili. Kama ningechukua kipande cha katikati tu ningeandika hasi, yani vipokezi havipo, na kusaini, na yule mama asingepewa tamoksifeni, kidonge kinachozuia homoni hiyo, ambacho si cha bei ya kutisha na kimeongeza miaka kwa wanawake wengi sana. Nilikaa kwenye ile hadubini muda mrefu nikijiuliza wangapi waliopita kabla yake.

Na kinachodanganya zaidi ni kwamba rangi ya kawaida, hematoksilini na eosini, inaweza kutoka safi tu. Saratani unaiona, umbo la seli unaliona, kila mtu anaridhika, kumbe zile alama za ndani zimeshaondoka. Uzuri wa slaidi ya kawaida si ushahidi kwamba kinyama kilitunzwa.

Na asije mtu akasema haya ni matatizo ya nchi maskini. Kanada, jimbo la Newfoundland na Labrador, kati ya 1997 na 2005 wagonjwa zaidi ya 300 wa saratani ya matiti walipewa majibu yasiyo sahihi ya vipokezi vya homoni, ikaundwa tume chini ya jaji Margaret Cameron na ripoti ikatoka 2009. Makosa yalikuwa mengi kwenye mnyororo mzima wa maabara, na utunzaji wa kinyama kwenye formalini ulikuwemo.

Sasa tuje kwenye utafiti, hapa ndo roho inaniuma zaidi. Mtafiti anakuja anataka nimkatie slaidi mia mbili leo, anaziweka kwenye boksi juu ya kabati, chumba hakina kiyoyozi, joto la Dar na unyevu wake mnaujua, halafu anasubiri hela za kununua kingamwili, ile inayoshika protini tunazozitafuta. Miezi 5 inapita. Anarudi anapaka rangi anapata hasi nyingi, anafurahi ana matokeo. Jamani. Bloku, yani kinyama kikiwa ndani ya nta, ikitunzwa vizuri inadumu miaka, lakini slaidi ikishakatwa ni kama nyanya iliyokatwa, hewa na maji vinaanza kuila. Miongozo haishauri kutumia slaidi iliyokatwa zaidi ya wiki 6 kabla ya kupimwa vipokezi. Kata siku unayopaka. Kama huwezi, weka kwenye friji, kavu, na andika tarehe ya kukata kwenye slaidi yenyewe, sio kwenye boksi, maana maboksi hubadilishana.

Mwaka 2014 jarida la PLoS Medicine lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi za saratani ya matiti barani Afrika, na moja ya mambo yaliyoonekana ni kwamba tafiti zilizokusanya vinyama vipya zilipata wanawake wengi zaidi wenye vipokezi vya estrojeni kuliko zile zilizofukua bloku za zamani. Soma tena hiyo. Miaka na miaka tumeambiwa saratani ya mwanamke wa Afrika haina vipokezi, haisikii homoni. Sikatai kwamba aina hiyo ipo na inaua, ila sehemu ya hadithi hiyo ilipotelea kwenye chupa, na waliolipa ni wagonjwa ambao dawa ingewasaidia.

Kwa hiyo kabla hujaandika hasi, tafuta mfereji wa maziwa wa kawaida kwenye slaidi hiyohiyo. Baadhi ya seli zake zina vipokezi kwa kawaida, kwa hiyo lazima zishike rangi ya kahawia. Kama nazo ni bluu tupu, hilo si jibu, omba kipande kingine au bloku nyingine. Na kwenye makala yako ya utafiti sema vinyama vilikaaje na slaidi zilikatwa lini, hata kama inakuaibisha.

Sisi tumebandika karatasi dirishani pa kupokelea, mistari miwili, ilipotoka saa ngapi, imeingia formalini saa ngapi. Tumeongeza neno asubuhi au usiku kwa sababu kuna wanaoandika 4:20 wakimaanisha saa nne ya Kiswahili na wengine saa za kizungu, na hapo tofauti ni saa 6 nzima. Wiki iliyopita kikaja kinyama kutoka wilayani, kimepasuliwa vipande vyembamba, kopo la mdomo mpana, na kwa kalamu ya bluu nesi ameandika: saa nne na dakika ishirini asubuhi, saa nne na dakika thelathini na tano asubuhi.