Mjomba Chini ya Mkia

Nachora kwa ajili ya watu wenye kitu cha kuonyesha wageni: ramani za magofu, sura ya msikiti ulivyokuwa kabla ya kubomoka, vibao vya njia. Sina mwajiri, wala sina mtu wa kunikagulia kazi, na ukosefu huo wa pili ndio ulionitia aibu mbele ya ukoo mzima.

Wenye nyumba moja ya wageni mjini Lindi walitaka bango kubwa la kutundika barazani, lenye picha ya mjusi wa Tendaguru, dinosaria mkubwa wa huku kwetu Lindi, yule ambaye mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi vichwani na mabegani hadi bandarini Lindi, na leo imesimamishwa Berlin ikiwa na kimo cha mita 13.27. Katika michoro ya namna hii ni desturi kuweka mtu pembeni ili mtazamaji apate kipimo, na kwa kawaida mtu huyo ni kivuli cheusi tu, hana sura wala kwao. Mteja alikikataa kivuli. Alitaka mtu wa huku, aliyevaa kanzu na kofia, ili wanafunzi wamwelewe.

Nilimwendea mjomba. Msomaji wa mbali aelewe kwamba kwetu Wamwera mjomba si ndugu wa kutaniwa. Yeye ndiye anayekaa mbele siku ya posa, na posa yangu ilikuwa imebakiza wiki tatu. Alikubali kwa shilingi 10,000 na kilo mbili za sukari, akavaa kanzu ya Idi, akasimama chini ya mwembe akiwa ameinua uso, na mkono wa kulia ameunyoosha mbele, kiganja wazi, kama anayemkaribisha mgeni wa heshima. Kwenye mchoro nilimweka kushoto, chini ya shingo, akikitazama kichwa cha mnyama kule juu. Alilalamika kidogo kwamba nimemfanya mfupi. Nilimweleza kwamba mfupa wa juu wa mguu wa mbele wa mnyama yule, peke yake, unazidi mita 2, kwa hiyo hata angekuwa askari wa gwaride asingefika mbali. Aliridhika, na picha ilikuwa nzuri. Hilo nalisema bila kujisifu.

Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kazi Dar es Salaam kuchapwa, mteja alinipigia simu kusema kwamba bango litakaa upande wa pili wa mlango, na kwa jinsi lilivyo mnyama ataelekeza uso wake chooni, hivyo nimgeuze. Ni kazi ya kubofya mara moja. Nilibofya, mnyama akageuka, nami nikatuma faili na kulala. Nilichosahau ni kwamba mjomba nilikuwa nimemchora kwenye tabaka lake peke yake, kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya mnyama, na maandishi nayo yalikuwa na tabaka lake, na matabaka hayo mawili hayakuambiwa kitu.

Bango lilishuka kwenye basi siku ya Alhamisi, likatundikwa likiwa limefunikwa shuka, na mjomba akaja na wazee wenzake wanne. Shuka ilipoondolewa, kichwa cha mnyama kilikuwa kulia kabisa, kikitazama barabara kwa utulivu. Kushoto, chini kabisa ya shina la mkia, alisimama mjomba na kanzu yake ya Idi, uso ameuinua, kiganja wazi, akisubiri. Na juu ya kofia yake, kwa herufi nilizozichagua mwenyewe, paliandikwa: "Mnyama huyu alikula majani mengi mno kila siku."

Hakuna aliyecheka kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha mzee mmoja, ambaye ni mtani wetu na kwa hiyo hana breki, akauliza kwa sauti ya upole, "Sasa bwana, wewe hapo unapokea, au unazuia?"

Nilikwenda kumwangukia mjomba jioni hiyohiyo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akakaa kimya mpaka chai yangu ikapoa. "Mpwa wangu, fedha ya bango jingine ipo?"

"Mteja anasema haipo."

"Basi nichoree mwavuli."

Asubuhi nilipanda ngazi na kopo la rangi nyeusi, nikamchorea mwavuli kwenye kile kiganja, huku mjomba akisimama chini na kuamuru niongeze upana, niongeze tena, na tena, mpaka ukafunika kofia, mabega na maandishi yote. Kwa kipimo cha mchoro mwavuli ule una upana wa mita 4 na nusu. Posa ilikwenda salama.