Sikoseli: tusomeshe wabobezi wachache au kila daktari wa watoto?

Kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wanaokadiriwa kufikia 11,000 wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu ambao wengi tunauita sikoseli. Ni nchi chache sana duniani zinazotupita kwa idadi hiyo. Je, kila anayesomea ubingwa wa watoto afundishwe kuwahudumia mwanzo hadi mwisho, au kazi hiyo waachiwe wabobezi wa magonjwa ya damu?

Wanaowataka wabobezi wana hoja nzito. Ubingwa ni miaka mitatu, na ndani yake daktari anapaswa kuwajua vyema watoto wachanga, nimonia, utapiamlo na malaria kali. Ukiongeza hiki, unapunguza kile. Halafu kuna himofilia, yaani damu kutoganda vizuri, na saratani ya damu, zinazomhitaji mtu aliyezama humo kwa miaka. Kampala, tangu 2016, kuna mafunzo ya ubobezi wa damu na saratani za watoto, na rotesheni, yaani zamu ya mafunzo, ya mwezi mmoja haiwezi kuchukua nafasi ya mafunzo kama hayo.

Lakini sikoseli si ugonjwa wa nadra. Kanda ya Ziwa imejaa watoto hawa, na mtoto wa kijijini Geita hawezi kusafiri hadi Dar es Salaam kila mwezi. Atakayemwona ni daktari wa watoto wa hospitali ya mkoa, naye atatoa kile alichofundishwa.

Ndiyo maana nina wasiwasi na mafunzo yanayotegemea wodi peke yake. Wodini mwanafunzi humkuta mtoto ana maumivu makali au damu imeshuka. Anajifunza kumwongezea damu na kumtuliza kwa morfini. Ni mambo ya lazima, ila yanayomkinga mtoto asifike hapo hufanyika kliniki. Huko kuna penisilini ya kuzuia maambukizi, miligramu 125 mara mbili kwa siku hadi atimize miaka mitatu, kisha 250 hadi mitano. Huko pia daktari hupapasa chini ya mbavu za kushoto, anaandika kwenye kadi bandama imeshuka sentimita ngapi, kisha anaushika mkono wa mama na kumwonyesha pa kupapasa. Bandama ikijaa damu ghafla, mtoto anaweza kufa ndani ya saa chache. Mama anayejua ukubwa wake wa kila siku hasubiri kupambazuke.

Kuna na haidroksiyurea, dawa ya kumeza kila siku inayopunguza makali ya sikoseli. Utafiti wa REACH, uliofanyika Kenya, Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuchapishwa 2019, ulionyesha kwamba watoto walipoanzishiwa dawa hiyo, maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua. Kuiandika kunahitaji mazoezi. Mtoto wa kilo 10 huhitaji kama miligramu 200 kwa siku, na kapsuli iliyozoeleka ni ya 500. Daktari ambaye hajawahi kulitatua hilo akiwa na msimamizi pembeni ataogopa kuianza, na mtoto ataendelea na foliki asidi tu.

Wapo wanaouliza: kuna faida gani kumfundisha mtu dopla ya mishipa ya kichwani, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachobaini mtoto aliye hatarini kupata kiharusi, kisha kumpeleka mkoa usio na kifaa hicho? Swali hilo ni la haki, na haidroksiyurea nayo hudai kipimo cha picha kamili ya damu mara kwa mara, wakati vitendanishi, yaani kemikali za maabara, huisha. Hata hivyo, bandama hupimwa kwa mkono, na penisilini haisubiri mashine.

Kwangu, basi, uzito uko upande wa kumfundisha kila mmoja, ila kwa mpangilio mwingine. Badala ya mwezi mmoja wa mfululizo, mwanafunzi apewe watoto wachache wa kliniki awafuatilie miaka yote mitatu, aone dozi ikipanda, mzazi akikata tamaa na kurudi, mtoto akianza shule. Wa kumsimamia ni wabobezi walewale, kwa hiyo vyuo vikiendelea kuwasomesha wachache mno, kliniki hizo zitakosa mwalimu.